CHUJIO LA DIZELI: LIHAMISHWE AU LIBAKI?

Katika gereji za Zone Industrielle ya Bujumbura, jirani na bandari ya Ziwa Tanganyika, kuna hoja moja ambayo kila dereva wa lori la dizeli amepata kuitoa au kuisikia. Chujio la mafuta limejificha kando ya injini, mahali ambapo fundi huungua mkono kabla ya kulifikia. Au limening'inia chini ya chasisi, ambako mawe na matope hulipiga. Dereva hushauri lihamishiwe mahali pa wazi. Ushauri huo si mbaya, lakini haufai kukubaliwa kwa sababu ya urahisi peke yake. Ndugu askari na polisi, lori lenu hubeba watu. Likizimika mlimani, hasara yake haimwangukii fundi.

KAZI YA CHUJIO

Tangu mwaka 1927, kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukumia dizeli kwenye nozeli, adui wa pampu hizo amekuwa ni yule yule: uchafu na maji. Nafasi iliyopo kati ya vyuma vyake ni elfu chache tu za milimita, ndogo mno kuliko unene wa unywele. Dizeli, au mazutu, ndiyo inayovilainisha vyuma hivyo. Maji yakiingia, ulaini hutoweka na kutu huanza. Injini za siku hizi, zinazosukuma mafuta kwa nguvu inayozidi baa 1,000, huvumilia uchafu kwa kiasi kidogo zaidi.

KUVUTA NA KUSUKUMA

Kabla ya kushika spana, hapana budi kuuliza: chujio hili liko upande gani wa pampu ndogo inayotoa mafuta tangini?

Likiwa upande wa tangi, mafuta huvutwa. Mpira ukilegea hapo injini ikiwa inafanya kazi, mafuta hayadondoki. Hewa ndiyo inayoingia. Dereva haoni tone chini ya gari, kumbe injini inapungukiwa nguvu na hatimaye kuzimika. Likiwa upande wa pili, mafuta husukumwa. Kiungo kikilegea, dizeli humwagika, na ikifika kwenye bomba la moshi lenye joto kali huweza kuwaka. Tena, mpira mpya unaowekwa baada ya chujio la mwisho ukiwa na vumbi ndani yake, vumbi hilo huingia moja kwa moja katika pampu, kwani hapana mlinzi mwingine mbele yake.

Kwa hiyo, kila kuhamisha ni kuongeza urefu wa mipira na idadi ya viungo, na kila kiungo ni mlango.

BARABARA MBILI

Malori yatokayo Zone Industrielle hukutana na mitihani miwili. Barabara ya Taifa Namba 1 hupanda kutoka ziwani, yapata mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, yapata mita 2,200. Ikumbukwe kwamba pampu hutengeneza upungufu tu ndani ya bomba. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma mafuta kutoka tangini. Huko Bugarama nguvu ya hewa hiyo ni kama robo tatu ya ile ya pwani ya bahari. Mpira mwembamba au mrefu mno, ambao haukuleta taabu mjini, huonyesha kasoro yake katika kona za mlimani, injini inapodai mafuta mengi kuliko wakati wowote. Injini ikizimika hapo, usukani huwa mzito, na mashine ya kujaza upepo wa breki husimama.

Mtihani wa pili uko upande wa magharibi, katika tambarare ya Gatumba, ambayo mto Rusizi uliifurikia mwaka 2020. Chujio lililoshushwa chini ya chasisi kwa ajili ya urahisi ndilo la kwanza kukutana na maji na magogo.

USHAURI WETU

Sisi twaona kuwa chujio la mwisho libaki pale mtengenezaji alipoliweka, isipokuwa lipo hatarini kugongwa, au kuunguzwa na bomba la moshi. Taabu ikiwa ni maji, na katika miaka hii ya uhaba ambapo mazutu huhifadhiwa katika mapipa na madumu yamekuwa taabu ya kweli, yafaa kuongezwa kichujio cha kutenganisha maji upande wa tangi. Kifungwe juu kuliko mhimili wa magurudumu, mbali na bomba la moshi, mahali ambapo dereva atayamwaga maji kila alfajiri kabla ya kuwasha.

Kazi ikimalizika, lori lipandishwe Bugarama likiwa na mzigo wa mchanga kabla ya kupakia watu, huku kipande cha mpira unaoonyesha ndani kikifungwa kwa muda upande wa kuvuta ili mapovu ya hewa yaonekane. Mwisho, mabadiliko yaandikwe katika daftari la gari. Askari huhamishwa kituo na lori hubaki. Dereva mpya asiyejua kuna kikombe cha maji nyuma ya kabini hatakimwaga kamwe.