Hati ipo kwenye seva lakini haipatikani: kasoro iko wapi?

Lori limefika Malaba na ofisa wa forodha anadai nakala ya ankara. Karani wa wakala aliyeko Mombasa anaandika namba ya kontena kwenye seva ya SharePoint ya kampuni; jibu ni kwamba hakuna kitu. Faili liliingizwa asubuhi hiyohiyo.

Seva haisomi mafaili upya kila mtu anapouliza. Huyapitia kwa ratiba na kujaza faharasa, na majibu hutoka humo. Ratiba ikiwa ni ya usiku tu, hati ya asubuhi haitaonekana hadi kesho. Tangu toleo la 2013 upo upitiaji endelevu, ambao kwa kawaida huanza kila baada ya dakika 15.

Msimamizi aanzie kwenye skripti za PowerShell. Amri ya Get-SPEnterpriseSearchStatus huonyesha sehemu za utafutaji zilizo hai na zilizokufa. Get-SPEnterpriseSearchCrawlContentSource huonyesha kila hazina ya mafaili na kama upitiaji wake unaendelea au umelala. Skripti fupi ya kuziendesha amri hizi kila alfajiri, na kutuma barua pepe zikionyesha hitilafu, si kazi ya siku nzima.

Kosa linalorudi mara nyingi ni la nywila. Seva hupitia mafaili kwa akaunti maalumu. Nywila ikibadilishwa bila utafutaji kuarifiwa, daftari la upitiaji hujaa makosa ya kukataliwa kuingia. Dawa ni kuweka nywila mpya kwa Set-SPEnterpriseSearchServiceApplication. Pengine seva ni nzima ila karani hana ruhusa ya folda hiyo, kwani matokeo huchujwa kwa haki za mtumiaji.

Hati zilizoskaniwa ni tatizo jingine. Hizo ni picha, hazina maandishi ya kusomwa. Namba ya kontena iandikwe kwenye jina la faili, hata kama karani atanung'unika.

Kufuta faharasa yote kuwe hatua ya mwisho kabisa: utafutaji huwa mtupu, na haujai tena hadi upitiaji kamili umalizike, na kwenye hazina kubwa huo huchukua siku. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, hivyo hazina za mawakala si ndogo.