Bidhaa za Jina la Supamaketi: Unaokoa Kweli, au Nauli Inakula Yote?

Malipo ya majani chai yakiingia kwenye simu, watu wa Kapsoit hugawanyika mara mbili. Kuna wanaotoa pesa kwa wakala na kununua vitu duka la karibu, kidogo kidogo, mpaka ziishe. Na kuna wanaopanda matatu hadi Kericho mjini, wanaingia supamaketi na kurudi na mifuko mizito. Kila upande huona wenzao wanapoteza pesa.

Wateja wetu hutuuliza swali hili mara nyingi: je, zile bidhaa zenye jina la supamaketi yenyewe, zinazouzwa bei ya chini, ni za kweli? Na kama ni za kweli, inafaa kuzifuata mpaka mjini? Leo tunajibu yote mawili, na tutaweka hesabu mezani ili uibadilishe kwa bei za kwako.

Bidhaa ya jina la supamaketi ni nini?

Ukiingia supamaketi kubwa utaona unga wa kampuni unayoisikia redioni kila siku. Kando yake, mara nyingi rafu ya chini kidogo, kuna unga mwingine wenye jina la supamaketi hiyo hiyo. Hivyo hivyo kwa sukari, mchele, maharagwe, majani chai, chumvi, mkate na tishu. Naivas na Carrefour, kwa mfano, huuza vyakula vyenye majina yao. Zamani Nakumatt nayo ilikuwa na bidhaa zake zilizoitwa Blue Label, kabla haijafungwa mwaka 2020.

Kwa kawaida supamaketi haina kiwanda cha kusaga unga. Inaagiza kwa mwenye kiwanda, naye anapakia kwenye pakiti yenye jina la duka. Geuza pakiti usome nyuma: mara nyingi utakuta imeandikwa kampuni iliyotengeneza au kupakia kwa niaba ya supamaketi. Wakati mwingine utashangaa, kwa sababu ni kampuni unayoijua vizuri.

Kwa nini bei iko chini?

Sababu ni za kibiashara tu. Kampuni yenye jina kubwa hulipia matangazo ya redio, mabango ya barabarani, na watu wa kuzunguka madukani kutafuta oda. Gharama hizo zote ziko ndani ya bei ya pakiti. Supamaketi haihitaji kutangaza sana unga wake, maana mteja tayari yuko ndani ya duka. Rafu ni zake. Na inaagiza mzigo mkubwa kwa mara moja, kwa hivyo inapata bei nzuri kiwandani.

Kama wewe ni mkulima wa chai, jambo hili unalijua kuliko sisi. Asubuhi unachuma majani, yanapimwa kituoni, lori linayapeleka kiwandani, iwe ni Momul, Toror au Tegat. Kiwandani yanasindikwa, yanapangwa kwa gredi na kutiwa kwenye magunia. Sehemu kubwa huenda kwenye mnada wa Mombasa, mahali ambapo chai ya Uganda, Rwanda na Tanzania pia huuzwa. Wanunuzi huchanganya chai za viwanda mbalimbali, kisha ndipo zinapata pakiti na jina.

Yaani jina linawekwa mwisho. Majani ya shamba lako hayakuondoka Kapsoit yakiwa na jina la mtu. Pakiti mbili zenye bei tofauti kabisa zinaweza kuwa na chai iliyotoka kilima kimoja. Zinaweza pia kuwa na gredi tofauti, moja nzuri na nyingine ya chini. Jina peke yake haliwezi kukuambia. Itakubidi uangalie mwenyewe.

Basi ubora nitaujuaje?

Angalia mambo matatu.

*Kwanza, alama ya ubora ya KEBS.* Chini ya alama hiyo kuna nambari ya kibali. Andika ujumbe mfupi ukianza na SM, kisha alama ya #, kisha nambari hiyo, utume kwa 20023. Utajibiwa kama kibali ni halali, cha kampuni gani na cha bidhaa gani. Kama jibu halilingani na ulichoshika mkononi, rudisha rafuni.

Usidhani jina kubwa linakuondolea kazi hii. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya kuvu, na Januari 2020 ikasimamisha nyingine 17. Kati yake zilikuwemo chapa zilizojulikana nchi nzima.

*Pili, tarehe.* Bidhaa ikishushwa bei ghafla, angalia siku ya mwisho ya kutumika kabla ya kufurahia ofa.

*Tatu, maandishi ya virutubisho.* Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa, pamoja na mafuta ya kupikia, viongezwe virutubisho. Sharti hili ni la wote, mwenye jina kubwa na mwenye jina la duka. Kwa hivyo anayekwambia unga wa bei ya chini hauna vitamini kwa sababu ni wa bei ya chini, mwambie ageuze pakiti asome.

Sasa piga hesabu, na nauli iwe ndani

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaangalia tofauti ya bei rafuni na kusahau barabara.

Chukua nyumba ya watu watano hapa Kapsoit. Bei hizi ni za mfano tu. Futa, uandike za kwako.

- Unga wa mahindi, pakiti 10 za kilo 2: jina kubwa sh 180, jina la duka sh 155. Tofauti kwa mwezi: sh 250
- Sukari, pakiti 3 za kilo 2: sh 340 na sh 310. Tofauti: sh 90
- Mchele, pakiti 2 za kilo 2: sh 420 na sh 360. Tofauti: sh 120
- Mafuta ya kupikia, lita 3: sh 330 na sh 290 kwa lita. Tofauti: sh 120
- Majani chai, pakiti 2 za gramu 250: sh 140 na sh 115. Tofauti: sh 50

Jumla unaokoa sh 630 kwa mwezi. Inapendeza. Lakini tuseme matatu kwenda na kurudi, pamoja na boda ya kukufikisha nyumbani na mzigo, ni sh 250.

- Ukienda mjini mara moja kwa mwezi, unabaki na sh 380.
- Ukienda mara mbili, unabaki na sh 130.
- Ukienda mara tatu, umepoteza sh 120.

Angalia vizuri. Bidhaa ni zile zile na bei ni zile zile, ila safari ya tatu imekula kila kitu. Aliyebaki Kapsoit akanunua duka la karibu amekushinda, na hakubeba mzigo.

Hesabu hii pia inachukulia kwamba duka la karibu linauza jina kubwa kwa bei sawa na ya mjini. Kama kwenu kuna nyongeza ya shilingi kumi au ishirini kwa pakiti, safari moja ya mwezi inakuwa na faida zaidi. Na kama una safari ya mjini kwa shughuli nyingine, labda hospitali au benki, nauli hiyo tayari umeilipa. Nunua siku hiyo hiyo.

Njia nyingine ni kuungana. Majirani wawili au watatu, mmoja anakwenda, wengine wanamtumia pesa kwa simu pamoja na orodha. Nauli inagawanywa. Ada ya kutuma iwekeni kwenye hesabu, na risiti ipigwe picha itumwe kwa wote, ili asubuhi ya kesho muwe bado majirani.

Pakiti isikudanganye

Usilinganishe pakiti kwa pakiti. Linganisha kilo kwa kilo, lita kwa lita.

Chupa mbili za mafuta zinaweza kulingana kwa urefu, moja ikiwa lita 1 na nyingine mililita 900. Mkate mmoja ni gramu 400, wa pili umepungua kidogo. Gawanya bei kwa uzito ukitumia kikokotoo cha simu. Ikiwa gramu 500 za majani chai ni sh 240 na gramu 250 ni sh 115, pakiti ndogo ndiyo rahisi, kwa sababu mbili ni sh 230. Kubwa si rahisi kila wakati.

Hesabu hii ina maana zaidi kwa wanaonunua kwa kupima: sukari ya robo, mafuta ya kikombe, chai ya sh 10. Ukijumlisha vipimo hivyo mpaka vifike kilo moja, mara nyingi utakuta umelipa zaidi ya jina kubwa lenyewe. Tunaelewa kwamba mtu hanunui robo kwa kupenda. Pesa ikiingia kidogo kidogo, nayo hutoka hivyo hivyo. Ndiyo maana tunasema anza na kitu kimoja. Mwezi huu nunua sukari ya mwezi mzima tu, mwezi ujao uongeze mafuta.

Na kama una mahindi yako makavu na kisiagi kiko karibu, huenda unga wako ukashinda pakiti zote kwa bei. Hakikisha tu yamekauka kabisa. Mahindi yenye unyevu ndiyo yanayozaa sumu ya kuvu.

Jaribu pakiti moja kwanza

Chakula kisicholiwa si akiba. Usinunue pakiti kumi za unga ambao hujawahi kuusonga. Nunua moja, pika kimyet, uone kama watoto watamaliza. Majani chai pia yajaribu. Kama ya jina kubwa unaweka kijiko kimoja kwenye sufuria na ya duka yanataka viwili ndipo chai ipate rangi, basi ya duka ndiyo ghali.

Kuna pia vitu ambavyo tungekushauri usibadilishe kwa sababu ya bei tu. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga ni kimojawapo. Hayo fuata ushauri wa daktari au muuguzi.

Ukifika kwa keshia

1. Lipa moja kwa moja kwa nambari ya till. Ukilipa hivyo hulipi ada ya kutoa pesa. Kutoa sh 2,000 kwa wakala kunakugharimu karibu nusu mkate, na mkate huo ungekuwa mfukoni mwako.
2. Soma jina la duka kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Kama si la duka uliloko, simamisha, uulize.
3. Linganisha bei ya rafuni na ya risiti kabla ya kuondoka. Zikitofautiana, ongea pale pale kwa heshima, ukiwa na risiti. Ni haki yako.
4. Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata anayesema anakusaidia kwa sababu foleni ni ndefu. Sisi wenyewe hatutakuomba kamwe.

Ulichookoa kiweke mahali

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Ukiokoa sh 380 na kuziacha kwenye laini, kufikia Alhamisi zitakuwa zimekwenda na soda, bando na boda ambazo huzikumbuki. Mwisho wa mwezi utasema hizi bidhaa za bei ya chini hazisaidii, kumbe zilisaidia.

Kwa hivyo kabla hujatoka dukani, ukiwa bado na risiti mkononi, hamisha tofauti hiyo hadi kwenye akiba. Chagua ile ya kufunga mpaka tarehe fulani, ili usiiguse kirahisi. Sh 380 kila mwezi ni sh 4,560 kwa mwaka, kabla ya faida yoyote. Ukianza sasa na kuifunga hadi Januari, itakukuta wakati wa sare na vitabu.

Kwa nyumba za chai jambo hili ni la maana zaidi. Malipo ya kila mwezi yanajulikana, lakini bonasi haijulikani mpaka itangazwe. Wengi wa Kericho na Bomet wanakumbuka bonasi ya 2025 ilivyokuja chini ya matarajio, wakati karo ilikuwa imeshapangiwa pesa hizo. Bei ya mnada wa Mombasa huwezi kuipanga ukiwa Kapsoit. Pakiti unayochukua rafuni na idadi ya safari za mjini unaweza.

Mwezi huu fanya moja tu. Chukua risiti yako ya mwisho, chagua vitu vitano unavyonunua kila mara, uandike bei mbili mbili kama tulivyofanya hapo juu. Toa nauli. Kinachobaki ndicho jibu lako. Likiwa sufuri au chini yake, baki na duka lako la karibu bila kujilaumu.