Maswali ya mtandaoni: pale unapokosa ndipo unapojifunza historia

Mtihani wa AP wa historia ya dunia, wanaofanya wanafunzi wa sekondari Marekani, una maswali 55 ya kuchagua jibu kwa dakika 55. Ndiyo maana walimu huwapa mazoezi mtandaoni mapema.

Lakini kubonyeza A, B, C au D tu hakutoshi. Maswali haya huja na kipande cha maandishi, ramani au picha. Chukua mfano wa maelezo ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Swali zuri haliulizi alifika lini, linauliza utajiri wa mji ule ulitoka wapi. Aliyekariri tarehe anakwama. Anayejua habari za dhahabu ya Sofala na pepo za kaskazi na kusi anapita.

Je, kujipima kunasaidia kweli? Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliojipima na waliorudia kusoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima wakawa mbele.

Kwa hiyo mwalimu asiishie kwenye alama. Atoe maswali matano, aangalie lipi limewashinda wengi, kisha awaulize kwa nini jibu lile la uongo liliwavutia. Wiki ijayo alirudishe kwa sura nyingine. Bila hivyo, watoto watazoea kubahatisha, na mtihani utawaumbua.