Rashasha Fupi ya Chekoslovakia

Katika bunduki ndogo nyingi za rashasha, mtutu haufungwi kwa komeo. Nyuma yake hukaa kipande cha chuma kinachosukumwa na springi. Risasi inapolipuka, uzito wa kipande hicho ndio unaochelewesha mtutu kufunguka mpaka nguvu ya gesi ipungue. Kikiwa chepesi mno, ganda la risasi huweza kupasuka na kumdhuru mpigaji. Basi uzito ni wa lazima, na kwa sababu hiyo silaha hurefuka.

Mwaka 1948 Chekoslovakia ilianza kutumia Sa 23, iliyobuniwa na Jaroslav Holeček. Mbuni huyo hakuupunguza uzito, bali aliuhamisha. Alikitoboa kipande hicho mfano wa kikombe kirefu, kikauvika mtutu, hata sehemu kubwa ya uzito ikawa mbele. Magazini ya risasi 24 au 40 iliingizwa ndani ya mpini. Hivyo Sa 25, ndugu yake mwenye kitako cha kukunja, ilikuwa na urefu wa milimita 445 tu ilipokunjwa, ilhali mtutu peke yake ulikuwa milimita 284.

Miaka michache baadaye, silaha hiyo iligeuzwa ili itumie risasi za Kisovieti za milimita 7.62 badala ya zile za milimita 9. Huo ulikuwa uamuzi wa siasa, wala si wa ufundi.

Uzi ya Israeli, iliyofuata mpango huohuo katika miaka ya 1950, ndiyo iliyopata umaarufu duniani. Katika ufundi, kutangulia ni jambo moja. Kukumbukwa ni jingine.