Shanga za Walioko Mbali: Krismasi ya Oloipiri

Katika maboma ya Oloipiri, kazi ya mkono inayotunzwa kuliko nyingine kwa ajili ya kumkumbuka mtu ni shanga. Hazitundikwi kwenye mti wa Krismasi wala hazitolewi sandukuni kila Desemba. Huvaliwa, na mara nyingi aliyezivaa hayupo. Mama hutunga bangili au mkanda, kijana akaufunga na kuondoka nao kwenda Arusha, Dar es Salaam au Unguja, na sikukuu ikamkuta hukohuko.

Oloipiri ni kata ya tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, upande wa mpaka wa Kenya, na wakazi wake wengi ni Wamasai wafugaji. Krismasi kwao bado ni changa. Ukristo ulianza kushika Loliondo miaka ya 1960, pale wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, akiwamo Padri Vincent Donovan kutoka Marekani, walipoacha kungoja watu misheni wakaanza kuzunguka boma kwa boma. Miaka hiyohiyo Padri Herbert Watschinger, daktari kutoka Austria, aliasisi hospitali ya Wasso, hukohuko Loliondo. Lakini Desemba ilikuwa na uzito wake hata kabla ya Noeli. Mvua zikija vizuri, nyasi huwa zimechipua, ng'ombe wana maziwa na watu wana nafasi ya shughuli. Zilipokuja shule, likizo ndefu nayo ikaangukia mwezi huo, na sherehe nyingi, tohara zikiwamo, zikafuata ratiba ya wanafunzi. Kwa hiyo mtoto asiyerudi Desemba hakosekani kanisani tu. Hakosekani kwenye mlo wa sikukuu tu. Anakosa pia shughuli ya mdogo wake, na kila mgeni anayeingia bomani humuulizia.

Anayetunga shanga huketi kivulini, miguu ameinyoosha, shanga zimetengwa kwa rangi juu ya kitambaa. Uzi si lazima anunue: wengi huchambua nyuzi za mfuko wa salfeti, ambazo ni ngumu kiasi cha kupenya tundu la ushanga bila sindano. Vipande vya kutenganisha mistari, ambavyo zamani vilikatwa kwenye ngozi ya ng'ombe, leo hukatwa kwenye dumu au ndoo iliyopasuka. Mapambo mapana ya shingoni hutungwa kwenye waya ili yasilegee. Siku hizi bangili yenye jina inapendwa sana, na hiyo ina hesabu zake. Herufi kubwa haisomeki vizuri chini ya mistari mitano ya shanga, na mstari mmoja ukikosewa, herufi huharibika na inabidi kufumua. Mama ambaye hakusoma humwomba mwanafunzi amwandikie jina chini kwa kijiti, kisha hulifuata kwa shanga, nyeupe juu ya nyekundu au bluu.

Shanga zenyewe zimetoka mbali. Zile za kioo zinazosifiwa kwa kulingana hutengenezwa Jamhuri ya Czech, nchi ambayo viwanda vyake vimeuza shanga Afrika Mashariki tangu enzi za misafara ya karne ya 19. Za China ni rahisi zaidi, ila matundu yake hayalingani. Kabla ya shanga za kioo kuenea, mapambo ya Wamasai yalikuwa zaidi ya chuma, shaba, mbegu na ngozi. Watalii huambiwa kwamba sanaa hii ni ya tangu na tangu, kumbe kwa sura yake ya leo ina umri wa vizazi vichache. Hilo haliipunguzii chochote. Kinachodumu ni ufundi wa kupanga rangi, ambao hubadilika kila rika jipya la morani linapoingia, kuanzia Makaa, Landis na Korianga hadi Nyangulo. Jicho lililozoea likiona mkanda wa zamani hutambua ni wa wakati gani, na mara nyingine ni wa upande gani wa Umasaini.

Sababu ya vijana kuwa mbali ni mifugo kupungua na maeneo ya malisho kubanwa. Ukame wa 2009 uliua ng'ombe wengi sana kaskazini mwa Tanzania, na familia zilizobaki mikono mitupu zilituma vijana mjini kulinda mageti, kusuka nywele au kuuza mapambo ufukweni. Tangu 2022 limeongezeka jingine: familia zilizohamishwa kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, zimeacha ndugu nyuma, na sikukuu sasa inagawanyika kati ya mikoa miwili.

Hapa Loliondo haifanani na Kilimanjaro. Wachaga hurudi Moshi kwa maelfu kila Desemba, hadi mabasi ya ziada hupewa vibali. Kijana wa Oloipiri aliyeko Nungwi au Paje hawezi kufanya hivyo hata akitaka, kwa sababu Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya wageni Unguja. Mlinzi naye hubanwa: tajiri akisafiri kwenda kwao kula sikukuu, nani abaki na nyumba? Hata akipata ruhusa, kutoka Arusha hadi Wasso ni safari ya siku nzima. Basi hutuma hela kwa simu ya kununulia mbuzi, mchele na shuka mpya, kisha hupiga simu watu wakitoka kanisani.

Kuna jambo gumu kidogo hapa. Mama huyohuyo anayetunga bangili ya mwanawe hutunga nyingine kumi za kuuzwa, na mwana mwenyewe huenda anashinda juani akiwauzia Wazungu zinazofanana na aliyoivaa. Zote ni uzi uleule na rangi zilezile. Lakini ile ya mkononi haina bei, na mteja akiing'ang'ania huambiwa hiyo haiuzwi.

Mila inayo hata mapambo yasiyouzwa kamwe. Surutia, pambo la shaba iliyosokotwa duara la mwanamke aliyeolewa, na orkatar, bangili ambayo baba akifa humwendea mwanawe, ni za ukoo. Novemba 2017 Samwel Nangiria, mwanaharakati kutoka Loliondo, alizikuta za namna hiyo kwenye makabati ya makumbusho ya Pitt Rivers huko Oxford, Uingereza, akahoji zilifikaje wakati hakuna Mmasai anayezitoa kwa hiari. Mazungumzo yalichukua miaka. Mwaka 2023 wajumbe wa makumbusho walifika Kenya na Tanzania na kukabidhi ng'ombe 49 kwa kila familia iliyohusika, idadi ambayo kwa mila hulipwa kuwa fidia ya damu ya mtu.

Tukirudi kwenye bangili za wana, vijana walioko Unguja huanza kuonekana Oloipiri masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinapofungwa. Bangili huwa zimechakaa kwa jua na maji ya chumvi: kioo hakijapata kitu, ila uzi umekatika. Mama hukusanya shanga zilizosalia, hujazia zilizopotea, na kuzitunga upya.