Mwalimu mzuri wa sayansi, ni wa namna gani?

Wanafunzi wa ISP, na wale wa pedagojia kule sekondari, wote wanapitia staje. Unatayarisha fishi, unafundisha mbele ya wenzako, kisha wanakaa kukuonyesha makosa. Hapo ndipo swali linatokea: mwalimu mzuri wa sayansi ni nani?

Kuna wenye kusema: ni yule anajua somo lake kabisa. Ni kweli. Mwalimu asiyeelewa atasoma tu daftari, watoto wataandika, basi. Wengine wanajibu kwamba kujua peke yake haitoshi, mtoto anapaswa kuona kwa macho. Lakini ataona nini, wakati shule nyingi za kwetu hazina laboratuari, na madarasa yamejaa zaidi tangu masomo ya msingi yawe ya bure katika 2019?

Tuchukue mfano wa mazuku, ule upepo mbaya ambao wakaaji wa kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lac Vert, wanaujua sana. Ni gazi ya kaboni inayotoka chini ya udongo. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala katika mabonde na mashimo, zaidi usiku na asubuhi, wakati upepo haujavuma. Mtu mzima anaweza kupita, lakini mbuzi au mtoto aliyeinama chini anaanguka.

Mwalimu anaweza kuandika hayo ubaoni. Ao anaweza kukamua ndimu katika jagi, kutia bikarbonati, ile wamama wanatia kwa maharagi, na kungoja povu itulie. Kisha anainamisha jagi juu ya buji fupi inayowaka, bila kumwaga maji. Buji inazimika. Watoto watauliza: nani ameizima? Somo limeanza hapo, na bei yake ni ndogo.

Jambo moja: hiyo inafanyika darasani tu. Mwalimu asipeleke watoto kuchungulia mazuku yenyewe.

Kwa hiyo pande zote mbili ziko na haki. Asiyejua gazi hawezi kueleza kwa nini buji imezimika, na anayejua bila kuonyesha atasahaulika kisha mtihani. Wazazi, mtoto akirudi nyumbani, musimuulize tu pointi ngapi. Mumuulize: leo umeona nini, na kwa nini imekuwa vile?