Ampli ikilia, tusikate waya wa tere

Siku ile ya Mungu tuliita mkutano wa wafanyakazi ili kueleza mazungumzo ya mishahara. Wamama walikuja na watoto, sala ikajaa mpaka inje. Kitu kimoja njo kilitusumbua: ampli. Tangu iwashwe, bafle zote mbili zilikuwa zinalia “mmmm” sawa vile mashine ya kusaga mahindi. Delege wetu akisema “prime”, watu wa nyuma wanasikia paka “mmmm”. Wakaanza kupiga miluzi.

Kijana wetu wa sauti, mwenye bidii sana, akafungua prizi ya ampli na turnavisi, akakata ule waya wa rangi ya kijani na manjano. Kelele ikaisha hapo hapo. Sala nzima ikapiga makofi, na sisi viongozi tukapiga pia. Tunasema vile bila kuficha, maana kosa halikuwa la mtoto yule peke yake.

Mchana watu wa korali wakakuja kuchukua mikseri yao, ile walituazima. Tukachomeka mikro moja kwa moja ndani ya ampli. Delege akashika mikro na mkono wa kuume, akaegemea nguzo ya chuma na mkono wa kushoto. Hakumaliza hata neno moja. Vidole vilijifunga kwenye mikro, hakuweza kuiachia. Mama mumoja aliyekaa karibu na prizi njo aliichomoa. Delege akaanguka chini anatetemeka, na mkono ulimuuma juma nzima. Leo yuko mzima, anatumika.

Wandugu, tujiulize kitu kimoja. Kule kazini, nani kati yetu anaweza kukata waya wa kijani na manjano wa pompe ao wa mashine ya kutoboa? Hakuna. Tunajua ile waya inashika chuma cha mashine na kukifunga na udongo. Umeme ukitoroka ndani, unapita kwenye waya na kuingia chini, hauingii ndani ya mutu. Na kama unatoroka kwa nguvu, fizibu inakatika. Lakini tukifika nyumbani, kwa sababu ya kelele ya muziki, tunaukata kama kamba ya viatu.

Na ile kelele ilitoka wapi? Fundi mumoja wa umeme, mzee aliyetumika miaka mingi kwenye atelie, alikuja kutueleza. Ampli ilikuwa kwenye prizi ya sala. Mikseri ilikuwa kwenye prizi ya biro, na ralonji ndefu. Prizi zote mbili ziko na tere, lakini tere ya huku na tere ya kule hazilingani kabisa. Kuna tofauti kidogo ya volti. Kisha sisi tukaunganisha mikseri na ampli na kamba ya sauti. Basi duara ikafungwa: umeme kidogo unatoka tere moja, unapita kwenye ganda la kamba ya sauti, unarudi tere ingine. Umeme wetu unageuka mara 50 kila sekonde, na ampli inaukuza ule mgeuko pamoja na sauti ya delege. Ile njo “mmmm”.

Kukata waya kulivunja duara, kwa hiyo kelele ikaisha. Ila tangu saa ile ampli ilikuwa inakopa tere ya mikseri, kupitia kamba nyembamba ya sauti. Korali walipoondoa mikseri yao, ampli ikabaki bila tere yoyote. Transfo yake ni ya zamani, inavujisha umeme kwenye chuma. Na chuma cha ampli kimeunganishwa na chuma cha mikro. Delege njo akawa waya.

Tusifikiri ni mambo ya site yetu tu. Tarehe 3 mwezi wa tano 1972, kule Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey alikufa mbele ya watu kwa kushika mikro ambayo haikufungwa vizuri na tere. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake na gitaa ya umeme. Na hatuhitaji umeme mwingi: ampule ya wati 60 kwenye volti 220 inakula karibu miliampere 270. Dijonkteri ya kulinda watu inatengenezwa ili ikate kwenye miliampere 30.

Sasa tufanye nini ampli ikilia? Kwanza, shusha volume mpaka sifuri. Kelele ikibaki vile vile, ugonjwa uko ndani ya ampli yenyewe, mara nyingi kondansateri za kusafisha umeme zimekauka kwa joto na miaka. Kelele ya namna hiyo ni kali kidogo, inapiga mara 100 kwa sekonde. Mupelekee fundi, musifungue wenyewe: kondansateri inaweza kukupiga hata kama prizi imechomolewa. Kelele ikishuka pamoja na volume, basi inaingia kwa kamba ya sauti. Hapo chomeka vyombo vyote sehemu moja, kwenye ralonji moja nzuri yenye tere. Kwetu hiyo peke yake ilitosha. Kama haitoshi, kuna kisanduku kidogo chenye transfo ambacho kinakaa kati ya mikseri na ampli: sauti inapita, duara inavunjika, na waya wa tere unabaki mahali pake. Na kamba ya mikro isilale pamoja na kamba ya umeme. Zikipaswa kukutana, zipishane kama musalaba.

Kwenye grupe, mambo ni mengine. Grupe nyingi zinawekwa juu ya matairi ao mbao, haziguse udongo popote. Muulize fundi aifunge na piketi ya tere. Wakati wa jua kali, mwezi wa saba na wa nane, udongo wetu unakauka, piketi haishike vizuri, tumwagilie maji.

Iko neno lingine, na linatuuma. Kisha ajali tulizunguka nyumba za kampi kuangalia tere. Kwenye nyumba kadhaa tulikuta paka tundu: piketi na kamba ya shaba zilichimbuliwa, ziliuzwa kwa kilo. Sisi tunaotoa shaba chini, watoto wetu wanaoga karibu na shofo isiyokuwa na shaba ya kuwalinda. Anayenunua zile kamba anajua zinatoka wapi.

Tumeshaandika ombi la tere za kampi kwenye karatasi ya madai, nyuma ya prime na dawa. Siku ya Mungu ijayo mzee fundi atakuwa sala tangu saa tatu ya asubui, kabla ya mkutano. Mulete ralonji zenu na prizi za ampli, za bar na za kanisa pia. Atazifungua bure, na pale waya wa kijani na manjano umekatwa, ataurudisha.